Makumbi Waliyogawana Siku ya Bamvua

Kando ya barabara kuu hapa Kibiti, si mbali na stendi, pana bango linalosema kwa herufi za kijani kwamba taka za minazi sasa ni mali. Pembeni ya maandishi wamechora nazi inayotabasamu. Nimezaliwa chini ya minazi na sijawahi kuona nazi ikitabasamu, lakini mchoro nausamehe, mchoraji naye alikuwa anatafuta riziki. Linalonichoma ni hilo neno taka. Anayeyaita makumbi taka, ama hajui anachosema, ama anajua vizuri na ana lake moyoni. Nilipoliona bango mara ya kwanza nilikuwa nimetoka kununua dagaa. Nikasimama palepale nikilisoma na kulirudia, mpaka muuza chipsi akaniuliza kama nimepotea.

Sikuwa nimepotea. Mimi ni mwalimu wa biolojia katika sekondari moja ya hapa, na kwetu ni kisiwa kimoja cha delta, upande wa Mbwera. Ukitoka Kibiti unapanda gari hadi Bungu, kisha bodaboda hadi Nyamisati, kisha boti, na boti nayo inasubiri maji. Kwetu kuna minazi, mpunga, samaki na tope. Wageni wakija hulalamikia tope kabla hata ya kusalimia. Mama yangu amefanya kazi katika tope hilo tangu akiwa msichana, na sijamsikia akililalamikia.

Nieleze kidogo, kwa ajili ya msomaji wa bara ambaye kamba yake hutoka dukani. Nazi hufuliwa kwenye kifuo, yaani ule mti wenye ncha uliochomekwa ardhini, na nazi ikitoka hubaki makumbi, yale maganda mazito yenye nyuzi. Yakiwa makavu nyuzi zimeshikana, huwezi kuzichomoa hata kwa meno. Wanawake wa kwetu huyapeleka kwenye tope la mikokoni, ukingoni mwa mkondo, na kuyafukia kwenye mashimo. Kila mwanamke ana shimo lake. Mama alirithi lake kwa bibi, na mipaka yake ni vigingi vya mkandaa, mti wa mikokoni, ambavyo hubadilishwa vikioza. Makumbi hulala humo miezi kadhaa, maji yakijaa na kupwa juu yake. Yakitolewa yamelainika, yananuka vibaya mno, na ukiyaponda kwa gongo juu ya gogo nyuzi zinaachana. Hizo nyuzi ndizo usumba, na usumba husokotwa kamba. Kamba za mama zimefunga mapaa, zimewamba vitanda, zimeshika mitumbwi. Mimi, binti yake, zimenisomesha tangu darasa la kwanza hadi chuo.

Ile harufu nayo nilikwenda nayo shule. Wenzangu walikuwa wakinipisha kwenye benchi, na si kwa heshima. Nikirudi nikilia, mama alikuwa akininusa shingoni, akiniambia sinuki chochote, kisha ananipa gongo nimsaidie kuponda.

Hata hivyo sina ugomvi na vimeng'enya, zile kemikali za viumbe hai zinazomeng'enya vitu, na naomba hili lieleweke mapema. Vimeng'enya navipenda. Navifundisha kila mwaka kwa mfano wa ugali unaogeuka mtamu mdomoni ukiutafuna muda mrefu, na wanafunzi wanatafuna kwa bidii kuliko wanavyosoma. Mradi wenye lile bango ulipoingia Kibiti ulihitaji mtu wa kuieleza sayansi yao kwa maneno ya kawaida, wakanifuata shuleni. Mtaalamu wao alikuwa dada mdogo kwangu kwa umri, mpole, aliyevaa buti za mpira hata siku za jua kali. Alinipeleka uani kwao, palipokuwa na matangi ya plastiki, akafunua moja. Makumbi yalikuwa yameloweshwa kwenye maji ya uvuguvugu pamoja na unga kidogo wa kimeng'enya. Kwa siku chache tu yalikuwa yamelegea. Alichukua moja, akalikamua, na nyuzi zikamjaa mkononi, safi, za rangi ya dhahabu, bila uvundo wowote. Nilinusa mara ya pili kuhakikisha.

Akanieleza na mengine. Ule unga wa kahawia unaobaki unakuwa udongo wa kuoteshea miche, nyuzi zinakwenda kwenye magodoro, na yale maji machafu walitaka kuyachachusha yatoe gesi ya kupikia. Hakuna kinachotupwa. Nilirudi nyumbani nimechangamka, nikawaza jinsi ya kulieleza darasa langu, nikaunguza maharage.

Jioni ile nilimpigia mama simu. Nilimwambia kuwa lile tope lake limejaa viumbe wadogo wasioonekana, kwamba viumbe hao hutoa vimeng'enya, na vimeng'enya ndivyo vinavyoyeyusha ile gundi inayoshikanisha nyuzi. Anachofanya yeye na anachofanya yule dada wa matangi ni kitu kimoja, isipokuwa dada anakifanya upesi. Mama alisikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu wa kusikiliza. Kisha akauliza, "Kwa hiyo miye naye kazi yetu moja?" Nikamwambia ndiyo. Akasema basi aje, atampikia uji wa mchele na kumwonyesha shimo lake.

Mama alidhani matangi yangepelekwa kisiwani, na mimi nilidhani hivyo. Mtaalamu mwenyewe alidhani hivyo. Ndivyo alivyokuwa amepanga, tangi karibu na kila kundi la mashimo, na wenye matangi wawe wanawake. Wakubwa wake wakaamua vingine. Kisiwani hakuna umeme wa kutegemea, walisema, hakuna barabara, na wageni wakitaka kuja kuona kazi watapata taabu ya boti. Matangi yabaki Kibiti, makumbi ndiyo yasafiri. Kwa hiyo kazi ya mikono ya wanawake wa kisiwa kizima ilihamishwa ili mgeni asilowe viatu. Hasira yangu ilianzia hapo, na mpaka leo sijajua niipeleke wapi.

Ili makumbi yasafiri ilibidi kijiji kikubali, na ili kijiji kikubali ukaitishwa mkutano. Nani alichagua siku sijui, ila alikuwa mtu wa kalenda ya ukutani. Kwetu siku hazifanani. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji huondoka mbali sana asubuhi; hilo ndilo bamvua, na wakati huo tu ndipo mashimo ya makumbi yanafikika. Siku nyingine yako chini ya maji, au yanaonekana kwa muda usiotosha hata kuondoa tope la juu. Kwa hiyo asubuhi za bamvua humkuti mwanamke nyumbani. Hata aliyejifungua juzi humtuma mdogo wake akamwangalizie shimo. Mtoto wa darasa la pili kwetu analijua hilo. Mkutano ukaitishwa asubuhi ya bamvua kubwa.

Mama aliniambia baadaye kuwa kipaza sauti walikisikia. Walikuwa kwenye tope hadi magotini, wanafukua, na sauti ikawafikia vipande vipande kupitia mikoko. Wakafikiri ni tangazo la chanjo ya watoto. Mmoja wao akasema wakimaliza atakwenda kuuliza. Walipomaliza, maji yalikuwa yanarudi na mkutano ulikuwa umekwisha. Wanaume walikuwa wamekubali kwa kauli moja kwamba kila mwenye minazi atakusanya makumbi ya nazi zake na kuyapeleka kwenye boti ya mradi. Kwa nini kauli isiwe moja, na wenye la kusema wote walikuwa mikokoni? Kwenye taarifa ya mkutano pakaandikwa kuwa wanawake walialikwa, ila mwitikio wao ulikuwa hafifu. Maneno hayo nimeyasoma kwa macho yangu na bado yananipandisha damu. Mwitikio hafifu, kwa watu waliokuwa wamebeba makumbi mabichi kichwani tangu alfajiri, maji meusi yakiwachuruzikia mpaka visigino.

Haya yote sikuyajua mpaka likizo. Kwenye simu kila nikimuuliza mama habari za kazi alijibu nzuri, kisha akanigeuzia habari za majirani. Nilipofika nilikuta gogo lake la kupondea limesuguliwa safi, na kanga zimeanikwa juu yake. Kwa asiyemjua mama hilo si jambo. Mimi tangu nizaliwe sikuwahi kuliona gogo lile bila nyuzi zilizoganda pembeni. Nilimuuliza makumbi yako wapi. Akanionyesha kwa kidevu upande wa kwa mjomba.

Mjomba ni kaka yake mkubwa, ndiye aliyeshika minazi ya ukoo tangu babu alipofariki. Ni mtu mcheshi, mwepesi wa kusaidia, alikuwa akinibeba mabegani nikiwa mdogo, na angekuwa mtu mbaya ningepata nafuu, ningemchukia nikalala. Nilimkuta kando ya kifuo, magunia yameshonwa na kupangwa, makumbi yakichungulia kwenye matundu. Alinikaribisha dafu. Nikalikataa, na kwetu kukataa dafu la mjomba si jambo dogo, kwa hiyo akajua nimekuja kwa shari. Nilimwambia kuwa tangu enzi za bibi zake makumbi ni ya wanawake. Hakukasirika. Alisema yalikuwa ya wanawake kwa sababu hapakuwa na mwingine anayeyataka, na sasa amepatikana anayeyataka.

"Mpwa wangu," alisema, "nazi zangu, na kumbi ni la nazi. Hapo ugomvi uko wapi?"

Kisha akaniambia jambo jingine, kwa upole uleule, kana kwamba ananipa habari njema. Wale wa mradi waliyataka hata makumbi yaliyokwisha kufukiwa. Yale yalikuwa yameshalainika nusu, dawa ingemaliza kazi upesi, na kwa kuwa yalitoka kwenye nazi za wenye minazi, wenye minazi wamekwisha kuyatoa. Boti ya kuyafuata hayo ingekuja bamvua lijalo, mashimo yangefukuliwa yote. Shimo la mama lilikuwa na makumbi ya miezi, ya mwisho aliyobaki nayo. Yakiondoka hayo, mama angebaki mtu wa kuombaomba kwa kaka yake, mtu ambaye hajawahi kumwomba yeyote hata chumvi.

Hoja yake ilisimama wima mbele yangu, na nilijua imepinda, ila sikuweza kuonyesha ilipopindia. Nimesoma, nimefundisha watoto wa watu kuhoji, na kwa mjomba wangu nikabaki nimesimama na jasho. Nilirudi nyumbani nikamkuta mama anapepeta mchele.

Kilichonimaliza nguvu ni asubuhi iliyofuata, boti ilipokuja kuchukua yale magunia yaliyokwisha kushonwa. Waliobeba magunia kutoka kijijini hadi majini walikuwa wanawake walewale, majirani zetu, mashangazi zangu wa ukoo. Mradi ulikuwa umewapa kibarua cha kubeba. Walipita mbele ya mlango wetu wakiwa na makumbi yao wenyewe kichwani, wakiyapeleka yasikorudi, na kijana mmoja akawa anawapiga picha akiwaambia watabasamu. Mmoja alitabasamu. Mama aliingia ndani.

Niliporudi Kibiti nilikwenda moja kwa moja ofisini kwao. Meneja alikuwa mtu nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka mikononi, na alinipokea vizuri, akanikumbuka kuwa ndimi mwalimu niliyewasaidia. Akanionyesha ile picha kwenye kompyuta yake. Wanawake wa delta wapata ajira, ndivyo walivyoandika chini. Nilimwambia kuwa wale wanawake walikuwa na kazi kabla yeye hajazaliwa, na kazi yenyewe ndiyo aliyoichukua. Akasema walialikwa kwenye mkutano, hawakuja.

"Mliita mkutano siku ya bamvua," nilimwambia.

Akaniuliza bamvua ni nini. Nikamweleza. Alitikisa kichwa kwa makini, akasema hiyo ni changamoto, na wataizingatia katika awamu ya pili. Kama kuna neno ningependa kulifukia kwenye tope na kulisahau humo, ni hilo changamoto. Watu wamenyang'anywa riziki mchana kweupe, halafu wanaambiwa ni changamoto, kana kwamba mvua imenyesha tu.

Mtaalamu alinifuata hadi getini na buti zake. Alisema aliuliza kuhusu mashimo, akajibiwa kuwa kazi yake ni matangi. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilikuwa tayari kumgombeza na yeye, maneno yameshafika mdomoni, lakini aliniwahi. "Dada, niambie ni siku gani wanakuwepo nyumbani," alisema. Nikamwambia maji yakiwa mafu, yaani siku zile yasipojaa sana wala kupwa sana, mashimo hayaguswi. Sijui aliwaambia nini wakubwa wake. Mkutano wa pili uliitishwa siku ya maji mafu, nami nikaomba ruhusa shuleni nikasafiri.

Darasa la shule ya msingi lilijaa, na waliokosa nafasi wakasimama madirishani. Wanawake walikuja wote. Wanaume walikaa mbele kwenye madawati, kama kawaida. Meneja alieleza upya habari za taka kuwa mali, kwa picha safari hii, na mtaalamu akaeleza vimeng'enya, na nilisikia wanawake wakinong'ona wakikubaliana naye, maana alikuwa akisimulia kazi yao. Kisha mwenyekiti akasema akina mama sasa waseme, wasije wakadai hawakupewa nafasi. Nilikuwa nimeandaa maneno yangu, makali, yenye haki na sheria ndani yake, na nilikuwa naanza kuinuka mama aliponishika bega akajiinulia yeye.

Mama hajawahi kusema mkutanoni. Nimemuuliza tangu hapo, akathibitisha kuwa ile ilikuwa mara yake ya kwanza. Alijifunga mtandio vizuri, akamgeukia kaka yake, si meneja, si mwenyekiti.

"Kaka," alisema, "nazi ikianguliwa, nani anaiokota?"

Mjomba akacheka kidogo. Wengine wakacheka. Lilikuwa swali la kitoto, kila mtu anajua. Mama akangoja wamalize. Kisha akalieleza, kwa sauti ileile anayoulizia bei ya samaki. Mkwezi akipanda, alisema, hushuka na fungu lake la nazi. Mfuaji akifua, ana fungu lake. Lakini nazi zikishaanguka zimetapakaa shamba zima, kwenye majani na miiba, na wanaoziinamia moja moja, wakazibeba kichwani hadi kwenye kifuo, ni siye. Hapana aliyewahi kutupa siye fungu la nazi. Fungu letu ni makumbi, ndivyo walivyopatana wakubwa zetu, na ndiyo maana hatukuwahi kudai kingine.

"Zile hazikuwa taka," alimaliza. "Ule ulikuwa ujira wetu. Mmeuchukua, sawa. Nazi okoteni wenyewe."

Akakaa. Mimi nilikuwa nimebeba nazi utoto wangu wote, nywele zangu za utosini zilikatikia huko, na hapo ndipo nilipopaona mahali ambapo hoja ya mjomba ilikuwa imepinda. Meneja aliinuka. Alisema ni mila nzuri sana, inafaa kuhifadhiwa, na akamwomba katibu waendelee na ajenda inayofuata. Sikuamini masikio yangu. Mwanamke amesimama akawaambia mmekula mshahara wangu, na mtu anamsifia mila. Nilitoka nje kabla sijasema la kunifukuzisha kazi.

Yaliyofuata nilisimuliwa kwa simu, kidogo kidogo, na safari hii mama hakunigeuzia habari za majirani. Bamvua lilipofika boti ilikuja na majembe kufukua mashimo. Wanaume wa kwetu hawaingii kwenye mashimo ya makumbi. Hawajakatazwa na mtu, lakini tangu utoto wao ni mahali pa mama zao na dada zao, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuonekana humo. Wanawake waliombwa wafukue kwa kibarua. Walikaa kwenye mizizi ya mikoko na kanga zao, wakila mihogo. Vijana waliokuja na boti wakajaribu wenyewe, wakazama hadi mapajani, mmoja akapoteza kiatu, na kabla hawajalipata hata kumbi moja maji yakaanza kurudi. Boti ikaondoka tupu.

Kisha msimu wa kuangua ukaingia. Wakwezi walipanda, nazi zikaanguka, na zikabaki pale zilipoangukia. Wanawake walizipita wakienda kisimani, wakizikwepa kwa miguu. Baadhi ya wanaume waliokota siku moja, mbili, wakashika shingo zao. Ngedere wakanufaika. Nazi nyingine zikaanza kuota kabla hazijafika kwenye kifuo. Mmoja baada ya mwingine, wenye minazi walianza kupita nyumba kwa nyumba wakisema makumbi ni yenu, njooni. Wengine waliyagawa, nusu kwa wanawake na nusu kwa mradi, kwa makubaliano, na mtaalamu ndiye aliyekuwa akija kuyasimamia, maji yakiwa mafu. Mama aliitwa kuokota katika shamba la jirani. Akaenda, akabeba, akachukua makumbi yake, akajaza shimo lake.

Mjomba alikuwa wa mwisho, pengine kwa sababu aliyemsema mbele za watu alikuwa dada yake. Aliokota nazi zake mwenyewe, mzee wa umri ule, gunia kichwani, na watu wakimsalimia njiani kwa adabu iliyozidi kiasi. Nilimwonea huruma, kisha nikakumbuka magunia yaliyoshonwa, nikaacha.

Nilikuwepo siku alipokuja. Mama alikuwa anapepeta mchele barazani, mimi nasahihisha madaftari ya wanafunzi. Mjomba aliingia uani na mzigo wa makumbi, mengi, mazuri, akautua karibu na mlango, akajifuta jasho. Mama alimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba.

"Haya, dada'angu," alisema. "Makumbi yako hayo."

Mama aliyatazama muda mrefu, ungo umetulia mikononi. Kisha akamuuliza kama hayo ni yote. Mjomba akasema ni yote ya mwezi huu, na mwezi ujao ataleta mengine.

"Na yale ya mwanzo?"

Mjomba akaeleza, kwa taratibu, kuwa yale yalikwenda Kibiti, yakaingia kwenye matangi, yakaliwa na dawa. Hayapo tena duniani. Alinitazama mimi, mwalimu wa mambo hayo, nimthibitishie. Nikainamia madaftari yangu.

"Na nazi nilizokubebea kwa ajili ya yale, zimerudi juu ya minazi?" aliuliza mama.

Mjomba akautazama mzigo wake.

"Basi kayadai huko yalikokwenda," alisema mama. "Ukiyapata njoo nayo, nitakuja kukuokotea." Akarudi kwenye mchele wake. Mzigo ule haukuguswa. Uko palepale kando ya mlango mpaka leo, kuku wanataga ndani yake, na mjomba bado anaokota nazi zake mwenyewe.